Ulimwacha Steringi Wapi? Mwongozo wa Kukusanya Maoni Baada ya Picha ya Kisasi

Tuseme ni Jumamosi usiku, Nshambya, mjini Bukoba. Sebule imejaa. Mvua imeacha kupiga bati dakika chache zilizopita, sahani ya senene imebaki mafuta tu, na kwenye televisheni Keanu Reeves, suti imechanika na damu inamtoka, anaondoka na mbwa kuelekea gizani. John Wick imekwisha. Mwenye nyumba anauliza, "Haya jamani, mmeionaje?" Majibu hayachelewi. "Kali." "Noma." "Jamaa anajua kupiga." "Nzuri, ila wanakufa wengi." Kisha kila mtu anainama mlangoni kutafuta viatu vyake. Watu kumi na wawili wameshatoa maoni, na hakuna hata mmoja aliyesema jambo ambalo mwenzake hakulijua.

Nje, njia ya kuelekea Kashai, wawili kati yao wameanza kugombana. Mmoja anashikilia kwamba hakuna mbwa duniani mwenye thamani ya roho zote zile. Mwenzake anamjibu kwamba hakuangalia picha vizuri, kwani yule hakuwa mbwa, alikuwa zawadi ya marehemu mke wake. Wanasimama chini ya taa ya duka lililofungwa, wanaanza kuwahesabu wafu. Maoni yenyewe ndiyo hayo, na yameondoka pamoja na viatu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba aliyebaki akipanga viti, kwa mwenye kibanda umiza anayetaka kujua wateja wake wamependa nini, kwa mwanafunzi wa Muleba aliyepewa kazi ya kuandika uhakiki, na kwa yeyote anayeona kwamba neno "kali" halitoshi. Unahusu aina moja tu ya picha: zile za majambazi na kisasi zilizotengenezwa kwa mapambo, ambamo suti, muziki, rangi na kivuli vimepangwa kwa uangalifu kama meza ya harusi. Picha hizo zina faida moja kwa mkusanya maoni. Kisasi ni deni, na kila mtazamaji, awe profesa au mvuvi wa Kemondo, anajua kuhesabu deni.

Kwa hiyo swali la kwanza la kubeba ni hili: ulimwacha steringi wapi? Usiulize kama picha ilikuwa nzuri. Uliza ni kifo cha nani kilichomfanya mtazamaji aseme moyoni, "Hapa sasa, ndugu yangu, umezidi." Wengine watasema hawakumwacha hata kidogo, walikwenda naye hadi mwisho. Hilo nalo ni jibu, na linaongozana na swali la pili: kwa nini?

John Wick, picha ya 2014 iliyoongozwa na Chad Stahelski, inalijibu swali hilo vizuri kuliko inavyodhaniwa. Stahelski alikuwa mtu wa michezo ya hatari, na ndiye aliyeruka na kuanguka kwa niaba ya Reeves katika The Matrix; ndiyo maana mapigano yake yanaonekana yote kwa upana, bila kukatwakatwa. Lakini tazama hesabu. Kijana Iosef, mtoto wa bosi wa majambazi, anaiba gari na kumuua mbwa. Deni ni lake. Wick anamtafuta, anampata, anampiga risasi. Deni limelipwa, na picha bado inaendelea! Baba yake Iosef anamtesa na kumuua rafiki wa Wick, na kisasi kipya kinafunguliwa juu ya kile kilichofungwa. Mtazamaji akiulizwa "ilikuwa nzuri?", kiungo hicho hatakigusa. Akiulizwa alimwacha wapi, kuna atakayesema, "Alipomuua yule kijana mimi niliridhika, yaliyofuata nilitazama mapigano tu." Hapo mkusanya maoni amepata uhakiki kamili wa mpangilio wa hadithi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia neno hilo.

Na suala la mbwa lisidharauliwe. Katika nyumba nyingi za Bukoba mbwa ni mlinzi, analala nje, hana jina la kupendeza. Mtazamaji anayecheka Wick anapolia hajakosa hisia. Amemwona mbwa kwa macho ya kwao. Mkusanya maoni asimrekebishe. Amuulize kitu gani cha marehemu, kikivunjwa na mhuni, kingemfanya ashindwe kulala. Saa ya baba? Kitenge cha mama? Ndipo mbwa wa New York atakapoeleweka, na ndipo itakapoonekana pia kama picha yenyewe ilifanya kazi hiyo au ilimwachia mtazamaji aifanye.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna jambo la kuhakikisha ambalo wengi hulisahau: je, watu hawa wametazama picha moja?

Afrika Mashariki picha haiishii mikononi mwa mwongozaji. Kuna msimuliaji. Tanzania inamkumbuka Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, jina ambalo msomaji wa Bukoba hahitaji kuelezwa linatokea upande gani. Sauti yake iliwekwa juu ya picha za Hong Kong, India na Marekani, akieleza, akiongeza, akipunguza. Kenya wana DJ Afro. Mjerumani Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, aliandika makala kuhusu sanaa hii ya Watanzania na kuipa jina la kugeuza wali kuwa pilau. Wali ni ule ule, lakini mtu aliyekula pilau hawezi kubishana kuhusu chumvi na aliyekula wali mweupe. Wick anaposema maneno matano, msimuliaji anaweza kumpa hamsini, na kati ya hayo hamsini ukamkuta mbwa amepewa jina la Kiswahili pamoja na babu.

Bukoba ina tabaka moja zaidi. Mpaka wa Mutukula uko mwendo wa kilometa 80 hivi, na Kihaya na Kiganda ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mtu wa Bukoba anaweza kucheka kichekesho cha Kampala kabla hajamaliza kukielewa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera ilinunuliwa Uganda. Si ajabu ikiwa utani wa wasimuliaji wa Uganda, wanaoitwa ma-VJ, nao ulipita karibu na waya huo. Kwa hiyo mkusanya maoni aandike, mbele ya kila jibu, mtazamaji aliona toleo gani: lenye maandishi chini, lililosimuliwa Kiswahili, au la VJ wa Kiganda. Bila hivyo atajikuta anapatanisha watu ambao hawakugombana.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni picha ya kisasi iliyotengenezwa si mbali na hapa. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Kapteni Alex wa jeshi anauawa. Ndugu yake, bingwa wa kung fu anayejiita Bruce U, anakuja kutafuta kisasi. Nabwana aliifuta picha ya awali kwenye kompyuta yake ili kupata nafasi ya kazi nyingine, na toleo lililosalia duniani ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia, anayewatania waigizaji, anayeitangaza picha katikati ya risasi. Hakuna tena "picha bila msimuliaji". Maoni ya mtazamaji yeyote kuhusu Kapteni Alex, awe Nshambya au Toronto, ni maoni kuhusu VJ Emmie pia.

Tena picha ile haisemi ni nani aliyemuua kapteni. Jina zima ni swali, na swali halijibiwi. Kisasi bila mdaiwa! Mkusanya maoni anayetaka kujipima aanze na hiyo, kwa sababu watazamaji wake watalazimika kumtaja muuaji wenyewe, na kila mmoja atatoa ushahidi wake.

Wala mtu wa Kagera asione msimuliaji huyu ni mgeni aliyeletwa na kanda za video. Wahaya wana kawaida ya zamani ya wasikilizaji kumjibu msimuliaji hadithi inapofunguliwa, wakimhimiza aone ili nao waone. Peter Seitel, Mmarekani aliyerekodi na kuchambua hadithi za Wahaya, alikipa kitabu chake cha 1980 jina la kiitikio hicho, See So That We May See. Msimuliaji aliyekaa kando ya moto na VJ aliyeshika kipaza sauti wanafanya kazi inayofanana, nayo ni kuona kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana katika kikao cha maoni mtu anayesema "hebu ngoja niwasimulie pale mlipotoka nje" asinyamazishwe. Namna anavyokisimulia kile kipande, alichokirefusha na alichokiruka, ndiyo maoni yake. Mkusanya maoni mwerevu huandika alichoruka.

Sasa mapambo. Hapa ndipo watazamaji wanapodhaniwa hawana la kusema, na hapa ndipo wanapojua mengi. Ugumu ni kwamba ukimuuliza fundi cherehani wa sokoni, "Unaonaje mtindo wa mwongozaji?", atakuangalia tu. Muulize alivaa nini yule mwanamke. Atakueleza hadi mshono.

Chukua Kill Bill ya Quentin Tarantino, iliyotoka sehemu mbili, ya kwanza Oktoba 2003 na ya pili Aprili 2004. Bibi harusi anapigwa risasi kanisani siku ya mazoezi ya harusi, akiwa mjamzito; anazimia miaka minne; anaamka na kuandika orodha ya watu wa kuwaua. Katika pambano kubwa la sehemu ya kwanza, Uma Thurman amevaa nguo ya njano yenye mistari myeusi ubavuni. Mtazamaji mwenye umri fulani, aliyekulia kwenye mabango ya Bruce Lee, ataitambua mara moja: ni ile ya Game of Death, iliyotoka 1978, miaka mitano baada ya Bruce Lee kufariki. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza asijue kabisa, akaiona ni njano tu iliyochaguliwa ili damu ionekane. Wote wawili wana haki, na tofauti yao ni ya kuandikwa. (Rangi hii ina bahati. Picha ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, mwishoni mwa 2021, ni hadithi ya uhalifu ya Loukman Ali, nayo inaitwa The Girl in the Yellow Jumper.)

Katikati ya pambano lile, picha inageuka nyeusi na nyeupe. Marekani damu ile ilikuwa nyingi kupita kiasi kwa wapimaji wa madaraja, wakati toleo la Japani lilibaki na rangi zake. Swali la kumuuliza mtazamaji ni jepesi: rangi ilipoondoka, ulijisikiaje? Kuna atakayesema alidhani televisheni imeharibika. Kuna atakayesema alipumua. Huyu wa pili amegundua siri ya picha zote za namna hii, kwamba urembo ni dawa ya ganzi. Watu wanakatwa kwa makumi na mtazamaji anatikisa kichwa kufuata ngoma. Kisha mlango unafunguliwa, kuna bustani ya theluji, kimya, chombo cha mianzi kinajaa maji na kugonga, na wanawake wawili wanakabiliana. Mwombe mtazamaji ataje sauti aliyoisikia pale. Akiikumbuka ile ya mianzi, mwongozaji amemfikia.

Lakini sehemu yenye uzito kuliko zote katika Kill Bill haina theluji wala kimono. Ni jikoni, katika nyumba ya kawaida ya Marekani. Bibi harusi amekuja kumuua Vernita Green. Wamesimamisha ugomvi kwa sababu mtoto wa Vernita, binti mdogo, amerudi kutoka shule. Vernita anafyatua bastola aliyoificha ndani ya boksi la nafaka za watoto, anakosa, kisu kinarushwa, anakufa. Mtoto yuko mlangoni, ameona. Bibi harusi anamwambia kwamba akikua, na kama bado litamuuma, aje amtafute. Hapo simamisha picha, kama ni nyumbani na umeme upo. Ukiuliza "ulimwacha wapi?", wengi husita hapa, na kusita kwao kunasema mengi, kwa sababu deni limelipwa na jipya limeandikwa papo hapo, jikoni, mbele ya mdai wake mwenye umri wa kwenda chekechea. Kuna mzazi atakayesema hakuweza kufurahia chochote baada ya hapo. Kuna kijana atakayeuliza kama sehemu ya tatu imetoka.

Kuhusu mwisho wa picha, mwongozo huu unawashauri wakusanya maoni wajifunze kutoka Sholay. Picha hii ya Kihindi ya Ramesh Sippy, ya 1975, ina Thakur, askari aliyestaafu ambaye jambazi Gabbar Singh ameiua familia yake na kumkata mikono yote miwili. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ya India, wakati wa hali ya hatari chini ya Indira Gandhi, haikukubali askari mstaafu ajichukulie sheria mkononi. Ukapigwa mwisho mwingine, ambamo polisi wanafika dakika ya mwisho kabisa na kumzuia. Watazamaji wengi wa zamani waliuona huu wa polisi. Ule wa misumari ulijitokeza baadaye.

Zoezi zuri: simulia miisho yote miwili, kisha waache watu wachague. Katika nchi ambako mwizi wa kuku anaweza kuchomwa moto mchana kweupe kabla polisi hawajafika, chaguo hilo si mchezo wa sinema tu, na sauti ndani ya chumba zitashuka. Mkusanya maoni asiogope kimya hicho. Asikijaze kwa hotuba.

Nani aanze kusema? Bukoba hili lina uzito wake. Ta, kama mzee anavyoitwa kwa heshima, akishatamka kwamba picha ni ya kihuni, vijana watanyamaza kwa adabu na kikao kimekufa. Basi wadogo waanze, na mzee aombwe kwa heshima, "Ta, wewe waitu tumekuwekea mwisho, utufungie." Atafurahi, na atakuwa amesikiliza. Mzee kama huyo ana jambo lake: mkoa huu ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na aliyewahi kuikimbia mizinga akiwa na kitanda kichwani haisikii bunduki ya sinema kama anavyoisikia mjukuu wake. Asiulizwe kuhusu vita. Aulizwe kuhusu sauti tu, yeye mwenyewe ataamua aende mbali kiasi gani.

Kuna mtu mwingine anayesahauliwa, naye ni Ma, mama wa nyumba, aliyekuwa akitoka na kuingia jikoni. Ameona robo ya picha, lakini ameisikia yote. Muulize ilihusu nini. Akiweza kueleza kwa sauti tu, picha hiyo imebebwa na hadithi. Akishindwa kabisa, imebebwa na macho.

Watoto wadogo wasiwemo. Picha hizi zimewekewa umri, na anayetaka kuonyesha hadharani, kibandani au ukumbini, anabanwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 na atahitaji kwenda kuulizia kibali chake. Sebule ya ndugu na majirani ni rahisi zaidi.

Limebaki la kuandika. Maoni ya picha ya kisasi yanaweza kutosha katika mistari sita, na kosa kubwa ni kutoboa mwisho. Mwandishi anaweza kusema alimwacha steringi "baada ya kile kifo cha jikoni", na asimtaje aliyekufa. Atakayeitazama atakijua akifika. Kosa la pili ni sifa tupu. Linganisha jozi hii. Wa kwanza anaandika: "Picha kali sana, steringi anatisha, mapigano ya hali ya juu, msikose." Wa pili anaandika: "Nilikuwa na bibi harusi hadi mtoto alipoingia na begi la shule. Kuanzia hapo nilitazama nguo na ngoma, na vilinipendeza, na nilijichukia kidogo kwa kupendezwa. Niliona toleo lenye maandishi. Kaka yangu aliyeona la kusimuliwa anasema alicheka palepale nilipokaa kimya." Wa pili hajasema kama picha ni nzuri. Msomaji wake, hata hivyo, anajua kama aitafute au aiache.

Daftari liwe na safu nne tu: toleo, alipomwacha steringi, kitu alichokikumbuka kwa jicho au sikio, na mtu aliyekaa karibu naye. Safu ya mwisho inachekesha wengi, lakini ijaribiwe. Kijana aliyekaa na mchumba hutoa maoni tofauti na yule yule aliyekaa na mjomba.

Na viatu vipangwe ndani, mbali na mlango. Wale wawili wa njia ya Kashai wakichelewa kuvipata, watamaliza ubishi wao juu ya mbwa wakiwa bado sebuleni, na kuna wa kuuandika.